Baridi Yabisi Iletwayo na Virusi: Mwili Unapowapiga Wenyeji Wake

Kila kambi inamjua askari wa namna hii. Juma lililopita alikuwa mzima, akikimbia na wenzake kabla jua halijachomoza. Leo filimbi ya gwaride inalia, naye anatoka bwenini akiburura miguu. Vidole vimevimba, vifundo vya miguu vimejaa, na mkono hauwezi kuikaza bunduki. Homa imekwisha kumwacha. Hana jeraha. Mganga wa zahanati amempima damu, hakuona malaria. Sajini anamtazama kutoka utosini hata viatuni, kisha analitamka lile neno ambalo askari hulichukia kuliko matusi ya nguoni: mtegaji.

Tunamfahamu koplo mmoja aliyelibeba neno hilo kwa muda wa miezi minne. Jina lake na kambi yake hatuvitaji, kwa kuwa si nia yetu kumwaibisha yeye wala wakubwa wake. Alikuwa amerudi kutoka likizo, akashikwa na homa ya siku nne pamoja na upele wa kifua, kisha viungo vikashikana. Mara tatu aliomba kupumzishwa, akanyimwa. Mara moja alitiwa korokoroni kwa kukataa mzigo ambao kwa kweli alishindwa kuubeba. Hatimaye alipofikishwa mbele ya daktari wa viungo, damu yake ilieleza habari nyingine kabisa. Koplo alikuwa amepigana na kirusi, akakishinda, na majeshi yaliyokishinda yalikuwa bado hayajarudi kambini.

Habari hii ndiyo tunayotaka kuwasimulia leo ndugu zetu wa jeshi, polisi na magereza, kwa sababu inawahusu zaidi ya wanavyodhani, na kwa sababu sehemu kubwa ya elimu yake ilianzia katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki.

Kwanza tuliweke sawa jina lenyewe. Watu wengi huamini kwamba maumivu ya viungo huletwa na umande, au na kulala juu ya sakafu tupu, na ndiyo maana lugha yetu ikayaita baridi yabisi. Baridi huweza kuzidisha maumivu kwa mtu aliye nayo tayari, lakini si baridi iyazaayo. Nyuma ya jina hilo moja yamejificha magonjwa mengi. Liko lile la uzeeni, ambalo gegedu huchakaa kwa kazi ya miaka mingi. Liko jongo, liletwalo na fuwele za asidi ya yuriki. Liko lile la bakteria waingiao ndani ya kiungo kimoja na kukiharibu kwa siku chache, nalo halina subira: mtu mwenye goti moja lililovimba, lenye moto na homa kali, apelekwe hospitali siku ile ile. Na liko lile tunalolizungumza hapa, ambalo kinga ya mwili, iliyowekwa kuulinda mwili, huugeukia mwili wenyewe.

NEWALA NA GULU

Mwaka 1952 na 1953, katika uwanda wa juu wa Makonde, wilayani Newala, kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo, watu walipatwa ghafla na homa pamoja na maumivu ya viungo yaliyowalaza chini nyumba kwa nyumba. Ugonjwa ukaitwa chikungunya, kutokana na kitenzi cha Kimakonde chenye maana ya kujikunja au kupindika, kwa maana mgonjwa hakuweza kusimama wima. Daktari Marion Robinson aliandika hali za wagonjwa, na W. H. R. Lumsden, mtafiti aliyetoka Entebbe, akafuatilia mwenendo wa maradhi. Uwanda ule una shida kubwa ya maji. Watu waliyateka mbali wakayaweka akiba nyumbani katika vyombo. Humo ndimo alimozaliana mbu aina ya Aedes aegypti, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Damu ya wagonjwa ilichunguzwa Entebbe, na huko R. W. Ross akakipata kirusi chenyewe. Taarifa zao zilichapishwa mwaka 1955 na 1956.

Taasisi ile ya Entebbe inastahili maneno mawili matatu. Ilianzishwa mwaka 1936 na Rockefeller Foundation kwa ajili ya homa ya manjano; mwaka 1950 ikawa chombo cha utafiti wa virusi kwa Afrika ya Mashariki nzima; mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, ikawa Taasisi ya Uganda ya Utafiti wa Virusi. Kirusi cha West Nile kilipatikana na watu wake mwaka 1937, na kirusi cha Zika mwaka 1947. Si wengi kati ya wanaopita mbele ya lango lake wajuao kwamba majina hayo, yanayotajwa leo katika magazeti ya dunia nzima, yalitoka hapo.

Mwaka 1959 zamu ikawa ya Uganda yenyewe. Kaskazini, katika nchi ya Waacholi, ulizuka ugonjwa uliofanana sana na ule wa Newala. Waacholi wakauita o'nyong-nyong, jina lenye maana ya kudhoofisha viungo. Kutoka huko ukaenea kusini na mashariki, ukaingia Kenya, Tanganyika na nchi nyingine, na kufikia mwaka 1962 watu waliougua walikadiriwa kuwa milioni 2. Kirusi chake ni ndugu wa chikungunya, lakini kimechagua mchukuzi mwingine: Anopheles, mbu yule yule wa malaria, aumaye usiku. Kisha kikatoweka machoni pa watafiti kwa zaidi ya miaka 30, kikazuka tena mwaka 1996 katika wilaya za Rakai, Masaka na Mbarara, kana kwamba hakikuwahi kuondoka.

Tunamwomba msomaji alitazame jambo moja. Wamakonde na Waacholi wanaishi mbali mbali, lugha zao hazina udugu, wala hawakushauriana. Lakini wote wawili waliuita ugonjwa kwa jina la viungo. Hakuna aliyeuita kwa jina la homa. Wanavijiji walitambua kwamba homa ni mgeni wa siku chache, na kwamba habari kamili iko katika magoti na vidole. Kwa maoni yetu, utambuzi huo ulikuwa wa kisayansi hasa. Na huko Unguja, ambako karne ya kumi na tisa ililetea watu maradhi yaliyoitwa kidingapopo, wako wanahistoria wa tiba wanaosema kwamba ugonjwa ule, ingawa jina lake ndilo lililogeuka kuwa dengue katika lugha za kigeni, huenda ulikuwa chikungunya, kwa jinsi viungo vya wagonjwa vilivyouma muda mrefu.

ASKARI WA AUSTRALIA

Kwa upande wa majeshi, kisa kinachofundisha zaidi ni cha Australia. Mwaka 1928, katika miji midogo ya Narrandera na Hay, watu walipatwa na uvimbe wa viungo vingi kwa pamoja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, maradhi hayo hayo yaliwashika wanajeshi waliopiga kambi kaskazini mwa nchi hiyo, kwenye joto na mabwawa. Madaktari wa jeshi waliandika kwa makini: wanaume vijana, wenye afya, waliopimwa kabla ya kuandikishwa, sasa hawawezi kufunga kamba za viatu. Hawakuona bakteria katika damu wala katika ute wa viungo. Ilipofika mwaka 1959 mbu walikusanywa kando ya mto Ross, karibu na mji wa Townsville, na ndani yao kikapatikana kirusi kilichopewa jina la mto huo. Baadaye ikathibitika kuwa ndicho kilichokuwa kikiwaangusha watu tangu zamani.

Kambi ya jeshi ni mahali pazuri mno kwa virusi vya namna hii. Watu wengi wanalala pamoja. Wanatoka mikoa mbalimbali, ambako wengine wamekwisha kuambukizwa utotoni na kupata kinga, na wengine hawajawahi. Na maji yamesimama kila upande, katika matairi mabovu nyuma ya gereji, katika mapipa, katika makopo ya chakula. Polisi wa doria naye hukaa nje saa zile zile ambazo mbu hutafuta riziki.

LINDO LA MWILI

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Mwili una majeshi yake. Ziko chembe nyeupe za damu zinazozunguka kama doria, na ziko kingamwili, ambazo ni silaha zinazotengenezwa kwa shabaha maalumu, kila moja kwa adui wake. Kila chembe ya mwili huvaa alama za utambulisho, mfano wa sare na kitambulisho cha kazi, na walinzi hufundishwa tangu tumboni mwa mama kutowagusa wenye alama hizo. Mafunzo hayo ni makali. Chembe nyingi za kinga ambazo zingeweza kuwashambulia wenyeji huuawa kabla hazijatoka chuoni.

Hata hivyo wachache hupenya. Kwa kawaida hukaa kimya maisha yote. Ni kitu gani basi huwaamsha? Hapo ndipo kirusi kinaposhukiwa, na watafiti wana maelezo zaidi ya moja.

La kwanza ni la sare za kufanana. Kirusi kina protini ambayo kipande chake kinafanana na kipande cha protini ya mwili. Walinzi wakifundishwa kumpiga adui kwa alama ile, watampiga na mwenyeji aliyevaa mfano wake. Jambo hili si hadithi tupu, kwa maana liko gonjwa moja ambalo limethibitika kwenda kwa njia hiyo, nalo ni homa ya baridi yabisi ya watoto, ifuatayo maumivu ya koo na kuharibu vali za moyo. Lakini adui wa gonjwa hilo ni bakteria, si kirusi, na hapa waandishi wengi wa magazeti hukosea kwa kuchanganya.

La pili ni la vurugu. Kirusi kinapovamia kiungo, mwili hupiga mbiu kubwa. Damu hujaa, chembe hukimbilia mahali pale, kemikali za kuamsha humwagika ovyo. Katika ghasia hiyo, hata walinzi wabaya waliokuwa wamelala huamka na kuchukua silaha. Yeyote aliyewahi kutuliza fujo sokoni atalielewa jambo hili bila mwalimu.

La tatu ni la mabaki. Kirusi kimekufa, lakini vipande vyake vimebaki katika utando wa kiungo, na walinzi wanaendelea kuvipiga risasi kana kwamba ni adui hai.

Katika panya wa maabara, watafiti wa Singapore walionyesha mwaka 2013 kwamba uvimbe wa viungo baada ya chikungunya hutegemea sana kundi moja la chembe za kinga, lile liitwalo CD4. Panya wasiokuwa na chembe hizo waliambukizwa vile vile, lakini miguu yao ilivimba kidogo tu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya madhara hufanywa na majeshi yaliyokuja kukiondoa kirusi.

JE, ADUI BADO YUMO?

Swali hili ndilo lenye uzito kwa matibabu. Kama kirusi kingali hai ndani ya kiungo, basi kuituliza kinga ya mwili ni sawa na kuwanyang'anya askari bunduki vita vikiendelea. Kama kirusi kimekwisha kwenda, kuituliza ndiyo busara.

Ushahidi umepatikana pande zote mbili. Mwaka 2004 chikungunya ilizuka Lamu wakati wa ukame, watu walipokuwa wakihifadhi maji majumbani kama wale wa Newala; uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba robo tatu ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Kutoka pwani hiyo ikapita Mombasa, ikavuka hadi Ngazija, kisha katika miaka ya 2005 na 2006 ikaangukia kisiwa cha Réunion, ambako watu wapatao 266,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya wakazi wote, waliugua. Kirusi kilikuwa kimebadilika kidogo sana, kiasi cha kijenzi kimoja cha protini yake ya nje, na badiliko hilo likakiwezesha kusafiri kwa urahisi ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus, astahimiliye baridi ya nchi za mbali. Mwisho wa mwaka 2013 kikaingia visiwa vya Karibi na kuenea Amerika ya Kusini.

Mwaka 2010 watafiti wa Réunion walitangaza kwamba katika utando wa kiungo cha mgonjwa mmoja, miezi 18 baada ya kuambukizwa, walikuta mabaki ya kirusi ndani ya chembe zake za kinga. Wengi wakasema: yumo. Lakini mwaka 2018 kikatoka chapisho la wagonjwa wa Kolombia, watu 38 waliokuwa bado wanaumwa karibu miaka miwili baada ya homa. Ute wa viungo vyao ulitolewa kwa sindano na kuchunguzwa kwa kila njia iliyokuwapo. Kirusi hakikuonekana.

Sisi si madaktari, wala hatutaki kuwahukumu wataalamu. Twaona tu kwamba ute si utando, na mgonjwa mmoja si wagonjwa wote. Huenda kwa wengine adui amejificha vichakani na kwa wengine ameacha viatu vyake tu. Lililo wazi ni kwamba baadhi ya wagonjwa wa chikungunya hupata uvimbe wa viungo vidogo vya mikono, pande zote mbili, pamoja na ugumu wa asubuhi wa saa nzima au zaidi, kiasi kwamba daktari asiyeuliza habari za homa iliyotangulia ataandika kwenye cheti: baridi yabisi ya rumatoidi.

Hiyo rumatoidi ndiyo mama wa magonjwa ya kundi hili. Katika nchi nyingi hupata mtu mmoja hivi kati ya mia moja au mia mbili, na wanawake mara tatu kuliko wanaume. Kwa hiyo askari ambaye viungo vyake ni vizima na aangalie pia mikono ya mkewe akiamka asubuhi kuchota maji. Mwaka 1937 Erik Waaler, daktari wa Norway, aliona katika damu ya mgonjwa kitu cha ajabu, na utafiti wa baadaye ukakitambua: ni kingamwili inayoshika kingamwili nyingine za mwili ule ule, mfano wa polisi anayemkamata polisi mwenzake kituoni. Kipimo hicho kingali kinatumika. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walirudia damu ya zamani ya watu 79 waliokuwa wametoa damu kwa hiari kabla ya kuugua rumatoidi. Karibu nusu yao walikuwa tayari na kingamwili mbaya, kwa wastani wa miaka minne na nusu kabla ya kiungo cha kwanza kuuma. Vita, kumbe, huanza kimya kimya muda mrefu kabla ya risasi kusikika. Ndiyo sababu ni vigumu sana kumkamata aliyevianzisha.

KUTOKA MULAGO HADI DAMU YA WANAJESHI WA MAREKANI

Mshukiwa mkubwa katika rumatoidi ana asili ya hapa kwetu pia, na kisa chake tunapenda kukisimulia kila tupatapo nafasi.

Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa kutisha katika mataya, akauandika ugonjwa huo mwaka 1958. Mwaka 1961 alikwenda London kutoa mhadhara, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vya saratani. Wakakubaliana vipande vya uvimbe vipelekwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu hakikuonekana kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu, ikalazimika kushuka Manchester badala ya London. Kilipofika maabara, maji yaliyokizunguka yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angeyamwaga akidhani yameoza. Epstein aliyatazama kwa darubini, akaona chembe hai zinaelea. Zikaoteshwa, na mwaka 1964 yeye, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, wakakitangaza kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Jina la Achong likaachwa nje. Jambo hilo hatulipendi.

Kirusi hiki kiko ndani ya zaidi ya watu 90 kati ya kila watu wazima 100 duniani. Huingia kwa mate, hukaa maisha yote ndani ya chembe za kinga zenyewe, na aghalabu hakimsumbui mtu. Lakini wagonjwa wa rumatoidi wana kingamwili nyingi zaidi dhidi yake kuliko watu wazima wa afya, na mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba kipande cha protini yake moja kina vijenzi vitano vilivyopangwa sawasawa na vile vya protini ya binadamu ambayo wagonjwa wengi wa rumatoidi wameirithi kwa wazazi wao. Sare za kufanana, tena.

Mtu atauliza, na ana haki: kama karibu kila mtu anacho, vipi kiwe mkosaji? Swali hili liliwazuia watafiti kwa miongo mingi. Jibu zuri kuliko yote lilitoka katika ghala la jeshi. Marekani huhifadhi kwenye barafu sehemu ya damu inayobaki baada ya vipimo vya wanajeshi wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakishirikiana na jeshi walipitia kumbukumbu za watu zaidi ya milioni 10, wakawatafuta waliopata ugonjwa mwingine wa kinga kujipiga, ule ulao ngozi ya nyuzi za mishipa ya fahamu. Walipata wagonjwa 801 wenye damu ya zamani inayotosha. Kati ya hao, mmoja tu alikuwa hajaambukizwa kirusi cha Epstein-Barr kabla ya kuugua. Kwa wale walioingia jeshini bila kirusi, kukipata baadaye kuliongeza hatari mara 32. Matokeo hayo yalichapishwa Januari 2022. Kirusi kilichoenea kwa wote, kumbe, kinaweza kuwa sharti la ugonjwa bila kuwa sababu pekee. Kama njiti ya kiberiti, ambayo iko kila jikoni, lakini nyumba haziungui kila siku.

Kwa rumatoidi ushahidi wa nguvu kama huo haujapatikana. Dalili zipo, hukumu haijatolewa. Jambo moja lililothibitika linawahusu wengi wa wasomaji wetu: sigara. Mvutaji aliyeirithi ile protini tuliyoitaja huongeza hatari yake kwa kiasi kikubwa sana. Hapa hapana mjadala.

Viko na virusi vingine, tutavitaja kwa haraka. Parvovirusi B19 iligunduliwa London mwaka 1975 na Yvonne Cossart kwa bahati, alipokuwa akipima damu kwa sababu ya homa ya ini. Jina lake ni namba ya sampuli tu. Kwa mtoto huleta wekundu wa mashavu. Kwa mama yake huleta uvimbe wa vidole wa majuma kadhaa unaofanana mno na rumatoidi, lakini hauli mifupa. Rubela hufanya vivyo hivyo. Homa ya ini ya aina B huweza kuanza kwa viungo kabla macho hayajageuka manjano. Na kirusi cha UKIMWI, kama ilivyoonekana Lusaka katika miaka ya 1990, kiliongeza sana aina ya baridi yabisi ya magoti na vifundo ambayo zamani ilikuwa adimu katika Afrika. Kwa sababu hiyo daktari akimtaka askari mwenye viungo vilivyovimba apimwe virusi hivyo, asione ametukanwa.

DAWA, NA MAKOSA YA DAWA

Dawa ya kukiua kirusi cha chikungunya au cha o'nyong-nyong haijapatikana. Siku za homa mgonjwa apumzike, anywe maji mengi, atumie paracetamoli. Aspirini na dawa za jamii yake zisiguswe mpaka daktari ahakikishe kwamba homa si ya dengue, ambayo huweza kuleta kutoka damu. Baadaye dawa hizo huruhusiwa, lakini kwa kipimo. Tumewaona watu wakizimeza kama karanga hata wakaharibu tumbo na figo. Huko Réunion madaktari walijaribu klorokwini kwa wagonjwa wapya wa chikungunya, kwa tumaini kubwa, nayo haikufaa. Zaidi ya hayo, waliopewa walilalamika maumivu ya viungo zaidi miezi mingi baadaye kuliko wale wasiopewa. Somo hilo halijawafikia wauza maduka ya dawa.

Maumivu yakipita miezi mitatu na viungo vingali vimevimba, mgonjwa aonwe na daktari wa viungo. Hapo ziko dawa za kuituliza kinga, kama methotreksati, inayomezwa mara moja kwa juma na si kila siku, na kwa uangalizi wa vipimo vya damu na ini. Kwa rumatoidi iliyothibitika, kuanza mapema ndiko kunakookoa vidole. Gegedu likishaliwa halirudi.

Chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani mnamo Novemba 2023, lakini idhini hiyo ikasimamishwa Agosti 2025 kwa sababu ya habari za madhara makubwa, hasa kwa wazee. Chanjo ya pili, ya namna nyingine isiyotumia kirusi hai, iliidhinishwa Februari 2025. Kwa askari wa kawaida wa huku kwetu, ngao iliyo karibu zaidi ni kumwaga maji. Aedes huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakitoshi. Mapipa yafunikwe, matairi yatobolewe au yaondolewe, makopo yafukiwe. Dhidi ya Anopheles chandarua ni silaha kamili, na mlinzi wa usiku avae mikono mirefu.

Kwa maofisa tuna ombi moja. Askari akileta maumivu ya viungo baada ya homa, mwulizeni: homa ilianza lini, wenzako bwenini wameugua, vidole vinalegea saa ngapi asubuhi? Mtegaji hujua kusema anaumwa. Hajui kusema kwamba ugumu huisha saa nne na kurudi akiamka kesho. Na kama watatu wa bweni moja wanasema hayo hayo, basi jambo hilo limetoka katika nidhamu, limeingia katika afya ya kikosi, na daktari wa wilaya anapaswa kujulishwa.

Koplo wetu sasa amewekwa ghala la vifaa, akiandika daftari. Sajini wake, tumeambiwa, alikwenda mwenyewe nyuma ya gereji na vijana wanne kuyatoa matairi. Kila alfajiri koplo huitia mikono katika beseni la maji ya moto kabla ya kushika kalamu. Mkono wa kushoto umerudi. Kidole gumba cha kulia kingali kigumu hadi saa tatu. Amekwisha kupimwa mara mbili ile kingamwili ya Waaler, na mara zote mbili haikuonekana. Daktari amemwandikia arudi tena baada ya miezi mitatu.